Tim Hortons ilitoka wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa sana na Waswahili wa Toronto, Ottawa, Dubai na Maskati: wanaokunywa kila siku kahawa ya Tim Hortons, kampuni ya Kanada yenye maduka ya kahawa na donati, na wanaopiga hesabu ya kununua duka. Kabla ya kuanza, shika swali moja ambalo litarudi kila mara katika historia hii: kiwanja cha duka ni cha nani, na unga anauza nani?

Duka la kwanza lilifunguliwa lini, na lilikuwa linauza nini?

Lilifunguliwa tarehe 17 Mei 1964, mtaa wa Ottawa Street North, mjini Hamilton, jimbo la Ontario, Kanada, mahali palipokuwa kituo cha mafuta. Hamilton ni mji wa viwanda vya chuma, na watu wa zamu wanahitaji kitu cha moto saa ambazo mikahawa mingine imeshafungwa. Bidhaa zilikuwa mbili tu, kahawa na donati. Kikombe cha kahawa kiliuzwa senti 10, na donati dazeni nzima senti 69.

Donati mbili zilizovuma tangu mwanzo ni apple fritter, bonge lisilo na umbo maalumu lenye vipande vya tofaa na mdalasini, na Dutchie, ya mraba, yenye zabibu kavu na kupakwa sukari ya maji. Zote mbili hazina tundu katikati. Kwa aliyezoea maandazi, Dutchie iko karibu na nyumbani kuliko donati ya duara.

Tim Horton alikuwa mtu kweli au ni jina tu?

Alikuwa mtu. Alizaliwa Cochrane, kaskazini mwa Ontario, tarehe 12 Januari 1930, akawa beki wa mpira wa magongo wa barafuni katika timu ya Toronto Maple Leafs. Alitwaa Kombe la Stanley, la ubingwa wa mchezo huo, mara nne: 1962, 1963, 1964 na 1967. Mishahara ya wachezaji wa zama zile haikuwa ya kumtosha mtu akistaafu, kwa hiyo wengi walitafuta biashara ya kando. Horton alijaribu magari na hambaga kabla ya kufika kwenye donati, akishirikiana na Jim Charade, aliyekuwa ameshaingia kwenye biashara hiyo.

Jina la mchezaji lilivuta watu mlangoni. Kilichowarudisha kesho yake ni kahawa mpya na duka safi, na hapo ndipo anapoingia mtu wa pili.

Ron Joyce ni nani, na kampuni yote ilifikaje mikononi mwake?

Joyce alizaliwa Nova Scotia mwaka 1930, akawa polisi Hamilton, na alikuwa ameshaendesha duka la aiskrimu la franchaizi, yaani la kutumia jina la kampuni nyingine kwa malipo. Mwaka 1965 alitia dola 10,000 na kuchukua lile duka namba 1. Yaani mtu aliyekuja kuijenga kampuni aliingia kama mwenye duka, akifungua asubuhi na kuhesabu fedha usiku. Kufika 1967, maduka yakiwa matatu, alikuwa mbia kamili wa Horton.

Tarehe 21 Februari 1974 Horton, wakati huo akichezea Buffalo Sabres, alikufa kwa ajali ya gari karibu na St. Catharines akirudi Buffalo kutoka Toronto. Alikuwa na miaka 44, na maduka yalikuwa yamefika 40 hivi. Mwaka uliofuata mjane wake, Lori Horton, alimuuzia Joyce hisa za familia kwa dola milioni 1. Baadaye alikwenda mahakamani kutaka mauzo yale yatenguliwe, akashindwa mwaka 1993.

Chini ya Joyce kasi ilikuwa kubwa: duka la 100 mwaka 1978, la 500 mwaka 1991, la 1,000 mwaka 1995.

Franchaizi ni nini hasa, na ya Tim Hortons ina tofauti gani?

Franchaizi ni mkataba wa kutumia jina na mapishi ya mtu mwingine kwa malipo. Mwenye duka ndiye anayeajiri, anayelipa mishahara, anayenunua malighafi na anayekula hasara. Kampuni mama inaleta jina, maelekezo, matangazo na mafunzo. Mafunzo ya wenye maduka yalikuwa ya wiki saba Oakville, yalipokuwa makao makuu: kupika, kusafisha mashine, kupanga zamu, kufunga hesabu.

Tofauti iko kwenye pango. Kwa kawaida Tim Hortons hununua au kupanga kiwanja, hujenga duka, halafu humpangisha mwenye duka. Kwa hiyo mtu mmoja ana mikataba miwili na kampuni ileile, wa jina na wa nyumba. Akikorofishana nayo na mkataba ukavunjika, anapoteza kibao na paa siku moja. Hawezi kubandua jina, kuandika lake na kuendelea kuuza kahawa palepale, kama ambavyo angeweza mtu aliyepanga kwa mwenye nyumba mwingine.

Muda wa mkataba wa kawaida ni miaka 10, ukiwa na nafasi ya kuongezwa hadi miaka 10 mingine.

Katika kila dola 100 za mauzo, kampuni inachukua ngapi?

Viwango ambavyo kampuni imekuwa ikiviandika kwenye taarifa zake za fedha ni hivi: mrabaha wa jina asilimia 3 hadi 4.5, kodi ya pango asilimia 8.5 hadi 10, na mchango wa matangazo asilimia 3.5 hadi 4. Jumlisha: kati ya dola 15 na dola 18 na senti 50 katika kila dola 100. Kodi ina kiwango cha chini pia; mauzo yakidorora sana, unalipa kile cha chini hata kama asilimia ingetoa kidogo.

Angalia neno moja hapo: mauzo. Asilimia hizi hazikatwi kwenye faida. Baada yake mwenye duka bado ana mishahara, kahawa, unga, maziwa, vikombe, umeme na mkopo wa benki. Na sehemu kubwa ya kahawa, donati na vikombe hununuliwa kupitia ghala za kampuni yenyewe.

Hapa ndipo ugomvi wote wa miaka ya baadaye unapoanzia. Tuseme kampuni inatangaza kahawa kwa dola moja, saizi yoyote. Wateja wanaongezeka, mauzo ya jumla yanapanda, na mrabaha na kodi vinapanda navyo. Kikombe, kifuniko, krimu na mkono wa mfanyakazi vinagharimu vilevile. Tangazo moja linaweza kumnenepesha mwenye jina na kumkondesha mwenye duka, bila yeyote kudanganya. Anayeingia kwenye biashara hii bila kulielewa hilo atakaa miaka akidhani anaibiwa dukani.

Ni kweli donati zamani zilikaangwa dukani?

Kweli kabisa, tangu 1964 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kila duka lilikuwa na mwokaji, na kazi kubwa ilifanyika usiku.

Donati ya hamira haina huruma kwa asiye na saa. Unga unakandwa, unaachwa uumuke, unasukumwa, unakatwa, kisha vipande vinaumuka tena sehemu yenye joto la nyuzi 35 hadi 40 na unyevu wa kutosha. Ukikosa unyevu, ngozi ya juu inakauka na donati inapasuka ikiingia kwenye mafuta. Mafuta yawe nyuzi 180 hadi 190, na kila upande ukae kama dakika moja. Yakiwa baridi, donati inayanywa na kuwa nzito; yakiwa moto mno, nje inakuwa kahawia na ndani bado ni unga. Zikitoka, zinamiminiwa sukari ya maji zikiwa bado moto, ili ikauke kama kioo chembamba. Ikimwagwa kwenye donati iliyopoa, inaganda kwa mabaka na kudondoka mezani.

Timbits, zile tufe ndogo zilizoanza kuuzwa 1976, ziliuzwa kama tundu la donati. Kwa mwenye duka zilikuwa hesabu nzuri: unga uleule, mafuta yaleyale, na sanduku la kupeleka ofisini au shuleni.

Kwa nini wakaacha?

Maduka yalipozidi elfu moja, waokaji wazuri wa usiku hawakutosha, na donati ya duka hili haikufanana na ya duka lile. Alfajiri rafu zinajaa, saa tisa mchana zilizobaki ni kavu, usiku zinatupwa.

Mwaka 2001 kampuni iliingia ubia na kampuni ya vyakula ya Ireland iliyoitwa IAWS, wakajenga kiwanda Brantford, Ontario. Kuanzia hapo donati na mikate hupikwa nusu kiwandani, hugandishwa haraka, husambazwa kwa malori ya barafu, na humaliziwa dukani kwa oveni. Kujaza jemu na kupaka sukari hufanyika dukani.

Faida yake ni halisi: unatoa trei moja moja kadiri wateja wanavyokuja, unatupa kidogo, na hukeshi na mwokaji. Hasara yake nayo ni halisi. Ladha ya mafuta mapya haipo tena, na hakuna oveni itakayoirudisha. Pia donati iliyofika imegandishwa ni ghali kuliko unga wa gunia. Wenye maduka walikuwa wakinunua unga, sasa wananunua donati, na bei anapanga mwingine. Mwaka 2010 Tim Hortons iliuza sehemu yake ya kile kiwanda kwa Aryzta, warithi wa IAWS, kwa dola milioni 475 za Kanada.

Wenye maduka hawakulalamika?

Walikwenda mahakamani. Wamiliki wa maduka walifungua kesi ya pamoja Ontario, ijulikanayo kama Fairview Donut, wakidai kwamba mfumo mpya wa donati na orodha ya vyakula vya mchana vimewabana faida. Februari 2012 mahakama iliitupa, na rufaa ikashindwa mwishoni mwa mwaka huohuo. Kwa kifupi, jaji aliona kwamba mkataba uliipa kampuni haki ya kubadili mapishi na kupata faida kwenye malighafi, na kwamba wajibu wa kutendeana kwa haki haumaanishi kila bidhaa lazima imlipe mwenye duka.

Hukumu hiyo inafaa kusomwa na kila anayetaka kununua franchaizi Ontario, awe wa kahawa au wa kuku. Inakuonyesha mahakama itaangalia karatasi uliyosaini, si matumaini uliyokuwa nayo.

Mwaka 2017 lilizuka wimbi jingine. Wamiliki waliunda chama, Great White North Franchisee Association, wakalalamikia matumizi ya fedha za mfuko wa matangazo na gharama za malighafi. Kesi zile zilimalizwa kwa maelewano mwaka 2019. Katikati yake, Januari 2018, kima cha chini cha mshahara Ontario kilipanda kutoka dola 11.60 hadi dola 14 kwa saa. Baadhi ya wenye maduka wakakata mapumziko ya kulipwa ya wafanyakazi, na wananchi wakawajia juu. Wafanyakazi hawakustahili kubeba mzigo ule. Lakini ukirudi kwenye zile dola 100 utaona mwenye duka alikuwa amebaki na vitu vichache vya kukata: bei hapangi peke yake, pango halishuki, malighafi hachagui.

Ile sheria ya dakika 20 ina maana gani?

Kahawa iliyochujwa isizidi dakika 20 kwenye jagi. Ikizidi, imwagwe na ichemshwe mpya. Jagi la kioo likikaa juu ya bamba la moto, maji yanapungua na asidi za kahawa zinaendelea kuvunjika, ndiyo maana kahawa iliyolala inakuwa chungu na inakwaruza koo. Ukitaka kujaribu nyumbani, tumia gramu 55 hadi 60 za kahawa ya kusaga kwa lita moja ya maji ya nyuzi 90 hadi 96, onja mara tu ikitoka, kisha onja tena baada ya nusu saa kwenye moto.

Kinachokwamisha sheria hii dukani ni saa za uvivu. Asubuhi jagi haliishi dakika tano. Saa kumi jioni mfanyakazi anaona nusu jagi linakwenda kwenye sinki, na roho inamuuma. Duka zuri huchemsha jagi dogo saa hizo. Duka baya huiongezea muda kahawa ya zamani.

"Double-double" ni nini?

Krimu mbili na sukari mbili. Neno limezoeleka hadi likaingia kwenye kamusi ya Kiingereza cha Kanada ya Oxford mwaka 2004. Mashine hupima krimu na sukari kufuatana na saizi ya kikombe, kwa hiyo "mbili" ya kikombe kikubwa ni nyingi kuliko "mbili" ya kidogo. Ukiwa na kisukari usihesabu vijiko, uliza gramu.

Saizi zenyewe zilibadilika Januari 2012 nchini Kanada. Kikombe kipya cha mililita 710 kiliingizwa juu kabisa, na majina yote yakashuka ngazi moja: kilichoitwa kikubwa kikawa cha kati, cha kati kikawa kidogo. Wazee wengine hadi leo huagiza kwa jina la zamani na kushangaa kupewa ndoo.

Kwa nini jina halina alama ya kimiliki (') kabla ya "s"?

Kwa sababu ya Quebec, jimbo la Kanada linalozungumza Kifaransa. Sheria ya lugha ya 1977 inalinda Kifaransa, na ile alama ya Kiingereza kabla ya "s" ilifanya kibao kionekane cha Kiingereza. Ikaondolewa, kibao kimoja kikatosha nchi nzima.

Kampuni bado ni ya Kanada?

Imepita mikono kadhaa. Mwaka 1992, Montague, Prince Edward Island, lilijengwa duka la pamoja la Tim Hortons na hambaga za Wendy's: paa moja, maegesho mamoja, asubuhi kahawa, jioni hambaga. Lilifanya vizuri, na Agosti 1995 Wendy's ya Marekani iliinunua Tim Hortons kwa hisa. Joyce akawa na hisa nyingi za Wendy's kuliko mwanzilishi wake, Dave Thomas. Machi 2006 Tim Hortons iliingia soko la hisa, na Septemba ikatengana kabisa na Wendy's. Mwaka 2014 iliunganishwa na Burger King chini ya Restaurant Brands International, iliyokuwa ikiongozwa na wawekezaji wa 3G Capital wenye asili ya Brazil, kwa takriban dola bilioni 11 za Marekani. Makao makuu yako Toronto. Kahawa inakaangwa kwenye viwanda vyake vya Rochester, jimbo la New York, na Ancaster karibu na Hamilton, kilichofunguliwa 2009.

Kwa nini haikuenea Marekani kama Kanada?

Ilijaribu kwanza Florida mwanzoni mwa miaka ya 1980 bila mafanikio, kisha ikafungua Tonawanda karibu na Buffalo katikati ya miaka hiyo, ambako Horton alikuwa mtu wa nyumbani, na huko imekaa. Mwaka 2004 ilinunua maduka ya Bess Eaton huko New England, kaskazini mashariki mwa Marekani. Ikakuta Dunkin', kampuni ya Marekani ya kahawa na donati, imeshika kila kona, na jina la beki wa Toronto halimgusi mtu wa Rhode Island. Novemba 2010 ilifunga maduka 36 ya Providence na Hartford kwa mkupuo.

Kandahar je?

Tawi lilifunguliwa kwenye kambi ya jeshi ya Kandahar, Afghanistan, tarehe 29 Juni 2006 kwa ajili ya wanajeshi wa Kanada, likafungwa Novemba 2011.

Na Dubai na Maskati? Naweza kununua duka moja kule?

La kwanza Ghuba lilifunguliwa Dubai mwaka 2011. Kule mfumo ni mwingine: kampuni moja, Apparel Group ya Dubai, ilipewa haki ya nchi nzima nzima, Imarati, Qatar, Bahrain, Kuwait na Oman, kwa lengo la maduka hadi 120 ndani ya miaka mitano. Mtu mmoja hanunui duka moja Ruwi au Deira kama anavyofanya mtu wa Ontario. Ajira zipo, na Waswahili wamo. Umiliki ni suala la yule mwenye haki ya eneo.

Nataka kununua duka Ontario. Sheria inanilinda vipi?

Sheria ni Arthur Wishart Act ya mwaka 2000. Kampuni lazima ikupe hati ya ufichuzi, yenye maelezo ya biashara unayonunua, angalau siku 14 kabla hujasaini mkataba au kulipa fedha za franchaizi. Ikiwa haikukupa hati kabisa, una miaka miwili tangu kusaini ya kuuvunja mkataba na kudai fedha zako. Ikiwa ilichelewa au hati ina upungufu, una siku 60 tangu kuipokea. Kifungu cha 3 kinadai kutendeana kwa haki, na cha 4 kinakulinda ukitaka kuungana na wenye maduka wengine.

Siku zile 14 zitumie hivi. Kwanza, mtafute wakili wa mambo ya franchaizi, si yule aliyekushughulikia nyumba au uhamiaji. Pili, hati hubeba orodha ya wenye maduka wa sasa na walioondoka. Wapigie walioondoka kwanza. Waulize mauzo ya wiki, asilimia ya mishahara, na walibaki na nini baada ya mkopo. Tatu, soma mkataba wa pango ukiwa na kalamu: kiwango cha chini cha kodi ni kipi, nani analipa ukarabati duka likitakiwa kubadilishwa sura, na muda wa pango unaisha pamoja na wa jina au kabla. Nne, tafuta kifungu cha wasambazaji, uone ni bidhaa zipi unaruhusiwa kununua kwingine. Mara nyingi orodha hiyo ni fupi: maziwa, labda, na sabuni.